Brashi za Shanga kwenye GIMP: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo watengenezaji wa kadi za sendofu, mabango na fulana huyarudia kila wanapotaka kupamba kazi zao kwa shanga. Mifano imejengwa juu ya GIMP kwa sababu ni ya bure na inapatikana kwa Windows, Linux na Mac. Krita na Photoshop zimetajwa pale tu zinapotofautiana nayo. Majina ya menyu yameachwa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Mwanzo kabisa

Brashi ya ushanga ni nini hasa?

Ni picha ndogo ya punje moja, au punje kadhaa, ambayo programu inaigonga mara nyingi kadiri unavyoburuta kipanya. Hata brashi ya kawaida ya mviringo hufanya kazi hiyo hiyo: inagonga muhuri mfululizo, mihuri ikibanana hadi jicho linaona mstari. Ukitanua nafasi kati ya muhuri na muhuri, mstari unakatika na kuwa punje.

Kwa hiyo mambo ni mawili tu, punje na nafasi. Wengi hutumia jioni nzima kuiremba punje kisha nafasi wakaiacha kama walivyoikuta. Ingefaa iwe kinyume, maana punje ya kawaida iliyopangwa vizuri hupendeza, lakini punje nzuri iliyorundikana huonekana kama kamba ya katani.

Kwa nini nisinakili punje moja na kuibandika mara nyingi?

Kwa punje kumi, sawa. Kwa mpaka wa kadi wenye punje mia mbili utachoka, na mteja akisema "zipunguze kidogo" utaanza upya. Brashi ukishaihifadhi, unabadilisha ukubwa kwa namba moja na kuchora tena.

Programu gani inafaa zaidi?

GIMP inatosha kwa karibu kila kilichoandikwa hapa, na ina kitu ambacho Photoshop haina: brashi inayobeba rangi zake yenyewe. Krita ni ya bure pia na ni bora kuliko zote mbili unapotaka punje moja ichukue rangi yoyote bila kupoteza mng'ao wake. Sababu iko kwenye sehemu ya rangi. Photoshop huitunza brashi kama kivuli cha kijivu tu, lakini inafidia kwa athari za leya (*layer*, tabaka za picha zinazolaliana).

Canva haipokei brashi zako. Huko utapeleka mstari wa shanga uliokwisha kuchorwa, ukiwa PNG yenye nyuma tupu, yaani isiyo na rangi yoyote, hata nyeupe.

Na mwenye simu tu afanyeje?

Achore mstari wa shanga kwenye kompyuta ya kuazima, auhifadhi kama PNG yenye nyuma tupu, kisha autumie kwenye programu yoyote ya simu inayopokea picha, PixelLab ikiwemo. Tengeneza vipande vitatu: mstari ulionyooka, kona na duara. Kwa hivyo utapamba kadi nyingi bila brashi yenyewe. Mwenye tableti ya Android anaweza kujaribu Krita, na mwenye iPad ana Procreate, inayoruhusu kutengeneza brashi zako.

## Kutengeneza punje

Nianzie wapi?

Fungua faili mpya ya pikseli 200 kwa 200, nyuma ikiwa tupu kabisa. Chagua duara kwa *Ellipse Select* na ulivute liguse kingo zote nne. Usiache ukanda mtupu pembeni, kwa sababu programu huuhesabu kama sehemu ya punje, na shanga zako zitaachana hata ukiweka nafasi ya asilimia 100.

Jaza duara kwa mteremko wa rangi (*Gradient*) wa aina ya *Radial*, ukianzia juu kushoto, karibu theluthi moja kutoka kila upande, ukivuta kwenda chini kulia. Katikati ya mwanga iwe rangi iliyofifia, kisha rangi kamili, kisha rangi iliyokolea. Ongeza doa dogo jeupe pale mwanga unapoanzia na ulilainishe kidogo tu kwa *Gaussian Blur*, kwa kuwa kioo hung'aa kwa doa lenye kingo. Doa lililolainishwa sana hufanya ushanga uonekane wa plastiki au wa udongo.

Kisha fanya hatua ambayo wengi huiruka: paka mwanga hafifu kwenye ukingo wa chini kulia, upande wa kivuli. Kioo hupitisha mwanga, na mwanga uliopita ndani hutokea upande wa pili. Ukingo huo mwembamba ndio unaotofautisha ushanga na kitufe.

Tundu niliweke katikati?

Hapana, isipokuwa unachora shanga zilizomwagwa mezani. Ushanga uliotungwa umepitiwa na uzi, kwa hiyo matundu yake yanatazama punje za jirani na hayatazami macho yako. Shanga zenye tundu katikati zilizopangwa mstarini huonekana kama bangili ndogo zilizowekwa sambamba, na mtu anayejua kutunga ataliona kosa hilo mara moja.

Shanga ndogo za kioo, hizi za kushonea zinazotumika sana kwenye mapambo ya Kimaasai na nyingi zikiletwa kutoka Ucheki, zikiwa kwenye uzi hazionekani hata kuwa duara. Ukizitazama kwa ubavu ni kama pipa fupi: upana wake wa kukata uzi ni mkubwa kuliko urefu wake kando ya uzi. Ukitaka uhalisia, chora mstatili wenye kona za mviringo, pikseli 140 kando ya uzi na 200 kukata uzi, kisha ufifishe kingo mbili zinazogusana na majirani kwa kivuli chembamba.

Ukubwa uwe kiasi gani?

Tengeneza kubwa, tumia ndogo. Brashi ya pikseli 200 ikipunguzwa hadi 40 hubaki safi, lakini ya pikseli 40 ikikuzwa hadi 200 hutoa ukungu. Kwa kazi ya kuchapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, ushanga wa milimita 3 ni kama pikseli 35, na wa milimita 2 ni kama 24. Ukishuka chini ya pikseli 15, mng'ao na kivuli hupotea na hubaki kitone, kwa hiyo usijisumbue na urembo.

Naweza kutumia picha ya ushanga wa kweli?

Unaweza, na mara nyingi matokeo huwa mazuri. Weka punje juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, piga picha kutoka juu, kisha ikate kwa duara. Taa ya simu iache: huacha doa moja kali katikati, na doa hilo likirudiwa mara mia linachosha macho. Ondoa pia kivuli kilicholala kwenye karatasi. Namna ya kukirudisha ipo kwenye swali la kivuli, chini.

## Rangi

Brashi yangu inakataa kubadilika rangi. Kwa nini?

Kwa sababu uliihifadhi ikiwa na rangi. GIMP ina brashi za aina mbili, na aina huamuliwa na faili uliyoihamisha, yaani uliyoitoa kwa *Export As* ili iwe brashi. Picha ya RGB (ya rangi) yenye nyuma tupu huwa brashi ya rangi, inayochora rangi zake zile zile na kupuuza rangi uliyoichagua. Picha ya *Grayscale* (ya kijivu) isiyo na uwazi, yaani iliyobanwa kwa *Flatten Image*, huwa brashi ya kivuli: palipo cheusi hupaka rangi yako kikamilifu, palipo cheupe hapapaki kitu, na kijivu hupaka nusunusu.

Amua kabla ya kuchora punje. Ukitaka brashi moja ya rangi moja iliyo tayari, chagua ya kwanza. Ukitaka brashi itakayofuata rangi ya sare ya kila harusi, soma swali linalofuata, kwa sababu aina ya pili ina mtego.

Nimetengeneza brashi ya kijivu lakini mng'ao unaonekana kama tobo.

Huo ndio mtego wenyewe. Sehemu nyeupe ya mng'ao haipakwi kitu, kwa hiyo kilicho chini kinachungulia. Kwenye karatasi nyeupe hutagundua. Kwenye bango jekundu, kila ushanga unakuwa na doa jekundu mahali pa mwanga.

Kwenye GIMP kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchora mara mbili juu ya njia moja: leya ya chini kwa brashi ya duara jeupe tupu, leya ya juu kwa brashi ya kijivu, ukubwa na nafasi vikiwa sawa. Weupe wa chini unachungulia pale palipo na mng'ao. Chagua rangi iliyokolea kidogo kuliko unayoitaka, maana kwa njia hii rangi yako ndiyo sehemu yenye giza kuliko zote kwenye punje.

Ya pili mimi naipenda zaidi kwa kazi za haraka: tengeneza brashi ya RGB yenye punje ya kijivu, chora mstari wote kwenye leya yake, kisha tumia *Colorize* kwenye leya hiyo. Mng'ao unabaki karibu na weupe, kivuli kinabaki na giza, na rangi unaibadilisha hata baada ya mteja kubadili mawazo. Kwenye GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, kichujio hicho hubaki wazi kwenye leya, na unaweza kurudi kukirekebisha siku nyingine.

Krita imelimaliza jambo hili kabisa. Kwenye mipangilio ya ncha ya brashi chagua *Lightness Map*. Kijivu cha katikati hugeuka kuwa rangi uliyochagua, kinachokielekea cheupe hung'aa, kinachokielekea cheusi hutia kivuli. Kwenye Photoshop, chora punje kwa rangi bapa kisha weka athari ya *Bevel & Emboss* kwenye leya, na umbo la duara litajitokeza lenyewe.

Nawezaje kupata rangi kadhaa zikifuatana, mfano nyekundu nne, nyeupe moja, buluu nne, nyeupe moja?

Hapo unahitaji faili ya .gih, ambayo ni brashi yenye picha nyingi ndani. Tengeneza picha yenye leya kumi za ukubwa mmoja, kila leya ikiwa na punje moja ya rangi yake kwa mpangilio huo. Nenda *File > Export As*, andika jina likiishia na .gih. Kwenye dirisha litakalofunguka, idadi ya vyumba (*Number of cells*) iwe 10, *Ranks* iwe 10, na namna ya kuchagua iwe *incremental*. Ukiona mpangilio umetoka kinyume, rudi kwenye picha, geuza leya kwa *Reverse Layer Order*, uhamishe tena.

Hifadhi pia picha yenyewe kama .xcf. Faili ya .gih ni ya kutumia, na siku utakapotaka kubadilisha rangi moja tu utaitafuta ile ya leya.

Nikitaka zichanganyike ovyo?

Badala ya *incremental* weka *random*. Ukitaka nyeupe itokee mara nyingi zaidi, iwekee leya tatu na nyingine moja moja. Rangi tatu hadi tano zinatosha, zikizidi hapo mstari unaonekana umechafuka.

## Nafasi, mwelekeo na mistari

Nafasi sahihi ni ipi?

Kwa punje ya duara inayogusa kingo zote, anza na 100, yaani hatua sawa na upana wa punje. Kingo za duara zimelainishwa, kwa hiyo kwa asilimia 100 kamili utaona ufa mwembamba kati ya punje. Kwa shanga zilizobanana shuka hadi 96 au 95. Ukitaka uzi uonekane kati yake, panda hadi 120, kisha chora uzi wenyewe kwenye leya ya chini kwa kufuata njia ile ile.

Punje isiyo duara haina namba ya kukariri. Anza na 100, chora mstari mfupi, sogeza kitelezi cha *Spacing* mpaka punje ziguse, kisha uhamishe brashi upya ukiwa na namba hiyo.

Punje zigeuke kufuata mstari au zibaki zilivyo?

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Ukiiruhusu punje ya duara kugeuka, doa la mwanga linageuka nalo. Kwenye mkufu wa mviringo utaona mwanga unatoka juu kwa punje za upande mmoja na unatoka chini kwa za upande wa pili, kana kwamba kuna taa kumi chumbani. Punje ya duara isigeuke kabisa.

Punje ndefu, za mrija au za pipa, lazima zigeuke, la sivyo zitalala kizembe kwenye kila kona. Kwa hizo ondoa doa la pembeni, badala yake weka mstari wa mwanga katikati, kutoka ncha hadi ncha. Mstari huo ukigeuka haumsumbui mtazamaji. Chora punje ikiwa imelala kwa mlalo, ncha moja kushoto na nyingine kulia, maana programu huhesabu mwelekeo wa kwenda kulia kuwa sifuri.

Kwenye GIMP, mgeuko huwekwa kwenye *Paint Dynamics*: tia alama pale safu ya *Angle* inapokutana na *Direction*. Kwenye Photoshop ni *Angle Jitter*, ukichagua *Direction* kwenye kidhibiti chake. Kwenye Krita ni *Rotation* ikiwa na kihisio cha *Drawing Angle*.

Nachoraje mstari ulionyooka?

Bofya mwanzo, shikilia *Shift*, bofya mwisho. Ukiongeza *Ctrl*, GIMP hufunga pembe kwa hatua za nyuzi 15.

Na duara, moyo au herufi za majina ya maharusi?

Usichore kwa mkono. Tengeneza umbo kama njia kwa kalamu ya *Paths*, au chagua eneo kisha *Select > To Path*, au geuza maandishi kuwa njia. Halafu kwenye menyu ya *Edit* chagua *Stroke Path*, weka alama kwenye kuchora kwa zana, na zana iwe *Paintbrush*. Kama punje zako zinageuka, washa *Emulate brush dynamics*, la sivyo mgeuko hautafanya kazi.

Kwa majina, chagua herufi nyembamba za mwandiko wa mkono. Herufi nene hugeuka kuwa njia mbili, ya ndani na ya nje, na jina la bibi harusi litasomeka kama ramani ya mtaa.

Mpaka wa kadi unaishia na punje iliyokatika au iliyorundikana kwenye kona. Nifanyeje?

Acha mstatili ufuate punje, usilazimishe punje zifuate mstatili. Chukua kadi ya A5 kwa pikseli 300: ni 1748 kwa 2480. Punje zako ni pikseli 40, yaani karibu milimita 3.4, kwa nafasi ya 100. Tafuta pande zinazogawanyika kwa 40 bila baki na zinazoacha ukingo unaofaa: 1640 ni punje 41, na 2360 ni punje 59. Weka mstatili wa 1640 kwa 2360 katikati ya kadi, utabaki na ukingo wa pikseli 54 kwenye pande ndefu na 60 juu na chini. Kila kona inapata punje yake, na mpaka wote ni punje 200.

Kama nafasi yako si 100, tumia hatua halisi. Punje ya 40 kwa asilimia 95 husogea pikseli 38, kwa hiyo gawanya kwa 38.

Kwa duara hesabu ni ipi?

Zidisha idadi ya punje kwa hatua, kisha gawanya kwa 3.14. Punje 60 za hatua ya pikseli 40 ni mzunguko wa 2400, kipenyo karibu 764.

## Kuhifadhi na kugawana

Faili ya brashi naiweka wapi?

Kwenye folda ya *brushes* ndani ya folda yako ya GIMP. Windows: AppData\Roaming\GIMP\2.10\brushes ndani ya folda ya mtumiaji. Linux: .config/GIMP/2.10/brushes. Mac: Library/Application Support/GIMP/2.10/brushes. Kwa toleo la 3.0, badilisha 2.10 kuwa 3.0. Kisha bonyeza kitufe cha kuonyesha upya kwenye dirisha la *Brushes*, huhitaji kufunga programu.

Usipoikumbuka njia, fungua *Edit > Preferences > Folders > Brushes*, utaiona imeandikwa hapo.

Tofauti ya .gbr, .gih, .vbr na .abr?

Ya kwanza ni brashi ya picha moja, ya pili ya picha nyingi. Ya tatu ni maumbo ya hesabu yasiyobeba picha, kwa hiyo haitusaidii hapa. Ya nne ni ya Photoshop, na GIMP huweza kuisoma. Krita husoma .gbr na .gih, hivyo mwenzako wa Krita mpe faili zako kama zilivyo. Mwenye Photoshop mpe PNG ya punje, atengeneze mwenyewe kwa *Define Brush Preset*.

Nimepakua brashi za bure mtandaoni. Naweza kuzitumia kwa kazi ya kulipwa?

Inategemea leseni yake, na "bure" si leseni. CC0 haikudai chochote. CC BY inataka umtaje mtengenezaji. Yenye NC inakataza biashara, na kadi ya kulipwa ni biashara. Isiyo na maelezo yoyote iache. Punje ya kwako utaitengeneza kwa muda mfupi.

## Yanapokwama

Brashi inatoka kama mraba mweusi au mweupe.

Kama ni brashi ya rangi, nyuma haikuwa tupu wakati wa kuhamisha. Rudi kwenye picha, ongeza uwazi kwa *Add Alpha Channel*, futa nje ya duara, hamisha tena.

Punje zinafifia au zinabadilika ukubwa njiani.

Weka *Dynamics Off*. Mwenye kalamu ya kuchorea hukutana na hili sana, kwa sababu mkandamizo wa mkono unaingia kwenye ukubwa au uwazi.

Zinarukaruka nje ya mstari.

*Apply Jitter* imewashwa. Zima.

Nafasi niliyohifadhi haifuatwi.

Zana inakumbuka nafasi ya brashi iliyotangulia. Pembeni ya kitelezi cha *Spacing* kuna kitufe cha kurudisha nafasi ya asili.

Kingo zina meno kama msumeno.

Unatumia *Pencil*. Hamia *Paintbrush*.

Zina ukungu.

Angalia *Hardness*, irudishe 100. Kama tayari iko 100, umekuza brashi kupita ukubwa wake wa asili.

Kompyuta inakuwa nzito.

Faili ya .gih yenye leya nyingi kubwa inakula kumbukumbu. Punguza leya ziwe pikseli 100 kwa 100, zinatosha kwa kadi na fulana.

## Kazi zenye ugumu zaidi

Kivuli nikiweke ndani ya brashi?

Hapana. Kivuli kilicho ndani ya brashi kinaangukia punje iliyotangulia na kuichafua, na upande mmoja wa duara utaonekana tofauti na mwingine. Maliza mstari wote, kisha tumia *Drop Shadow* kwenye leya nzima. Shanga zilizoshonwa kwenye kitambaa zinahitaji kivuli kifupi sana, pikseli mbili au tatu. Kivuli kirefu kinazifanya zielee hewani.

Nawezaje kuchora kola pana ya Kimaasai, yenye safu nyingi za mviringo?

Hii ndiyo kazi tamu kuliko zote hapa, na inahitaji hesabu ndogo. Kola ni safu za duara moja nje ya nyingine, zikipasuliwa na vipande vya rangi vinavyotoka katikati kwenda nje. Ukichora kila safu kwa .gih ile ile, rangi zitajipinda kama parafujo, kwa sababu kila safu ya nje ina punje nyingi kuliko ya ndani.

Ni ngapi zaidi? Kwa punje za duara zilizobanana, kila safu inaongezeka kwa punje sita na ushee, hata punje ziwe na ukubwa gani, maana kipenyo kinakua kwa unene wa punje mbili na mzunguko ni kipenyo mara 3.14. Basi gawa kola yako vipande sita. Safu ya kwanza ikiwa na punje 60, kila kipande kina 10. Ya pili 66, kila kipande 11. Ya tatu 72, kila kipande 12. Unaongeza punje moja kwa kila kipande kila unapotoka nje, na mipaka ya rangi inanyooka.

Ule ushee usiupuuze. Kwa punje za pikseli 40, ukiongeza kipenyo kwa 80 kila safu, mzunguko unakua kwa 251 wakati punje sita zinajaza 240 tu, na baada ya safu chache utaona mapengo. Ongeza kipenyo kwa 76.4 badala ya 80. Safu zitalaliana kwa chini ya pikseli mbili, jambo ambalo macho hayalioni, na kola itaonekana imeshonwa kwa kubana.

Kwa kila safu utahitaji .gih yake yenye leya kwa idadi ya punje za mzunguko mmoja wa mpangilio. Vipande sita vikiwa rangi mbili zinazopishana, safu ya kwanza ni leya 20, ya pili 22, ya tatu 24. Ni kazi, lakini ukishahifadhi seti hiyo, kola inayofuata ni kubadilisha rangi tu. Anayetaka njia fupi atumie *Symmetry Painting* ya aina ya *Mandala* yenye vipande sita: unagonga punje za kipande kimoja kwa mkono, vingine vitano vinajijaza. Vipande vyote vitakuwa na rangi sawa, kwa hiyo tofauti ya rangi iweke ndani ya kila kipande.

Kuhusu rangi, nyekundu, nyeupe, buluu, kijani, chungwa na nyeusi ndizo utakazoziona sana. Maana na mpangilio wake hutofautiana baina ya sehemu na sehemu na kwa umri au hadhi ya mvaaji. Kama kazi ni nembo ya biashara na siyo kadi ya mtu binafsi, zungumza kwanza na wenyewe. Wapo Wamaasai wa Kenya na Tanzania wanaodai haki juu ya matumizi ya kibiashara ya utamaduni wao, na madai hayo yana uzito.

Bango la mita tatu je? Shanga zinapasuka pikseli.

Brashi za GIMP, Krita na Photoshop ni picha za pikseli, na kwa bango kubwa utahitaji faili nzito mno. Hamia Inkscape, ambayo ni ya bure pia. Chora punje moja kwa maumbo na miteremko ya rangi, inakili, chora njia yako, kisha tumia *Pattern along Path*. Athari hiyo hupinda umbo lifuate njia, kwa hiyo kwenye mikunjo mikali punje za duara hugeuka mayai. Zifanye ndogo au panua mkunjo. Miteremko ya rangi nayo hushughulikiwa vibaya na athari hii, kwa hiyo jenga punje kwa maumbo bapa matatu: mwili, kivuli na doa la mwanga. Ukiwa umesimama mita tano kutoka kwenye bango hutajua kuwa hakuna mteremko.